SULHU JUU YA MTU ALIYEUZWA

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanaadamu akamkirimu; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu Waislamu, darsa ya safari hii ni juu ya ulanguzi wa watu, nao ni kumchukua mtu kwa hila, kwa nguvu au kwa ahadi ya uwongo, ili mwingine apate faida kwa jasho lake au kwa mwili wake. Serikali ya Kenya imekwisha kuutungia sheria. Sheria hiyo ilitiwa saini tarehe 1 Oktoba 2010, mwezi mmoja na siku chache baada ya Katiba mpya, ambayo nayo yakataza mtu yeyote kuwekwa katika utumwa. Kisha ikaanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2012. Adhabu yake si ndogo. Mwenye kulangua mtu hukumu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Na akirudia, ni kifungo cha maisha.

Basi ikiwa sheria ipo, na adhabu yake ni kali hivyo, kwa nini biashara hii haijakoma? Jawabu ni kwamba sheria haiwezi kusimama mahakamani bila ya shahidi, na shahidi mara nyingi ni sisi, nasi twanyamaza. Hilo ndilo tutakalo kulieleza.

Kwanza na tutazame dini yetu yasemaje. Katika Hadithi Kudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Huraira, Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: mtu aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja, mtu aliyemuuza muungwana akala thamani yake, na mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Zingatieni, ndugu zangu. Dalali wa watu wa zama hizi huwa amewakusanya wote watatu katika nafsi yake. Huapa kwa jina la Mungu mbele ya wazee wa binti. Kisha humtoa kwa fedha. Kisha binti hufanya kazi, na mshahara wake ukapotelea njiani. Ikiwa kila mmoja katika hao watatu hasimu wake ni Mwenyezi Mungu, hali ya mwenye kuwa wote watatu itakuwaje?

Huenda mtu akasema: "Lakini utumwa umetajwa katika vitabu vya fiqhi, vipi leo mwatuambia ni haramu?" Twamjibu kwamba vitabu hivyo hivyo vyasema asili ya mwanaadamu ni uungwana. Mtoto mchanga akiokotwa njiani, hajulikani baba wala mama, mafakihi humhukumu kuwa ni muungwana, wala hapatikani wa kudai kuwa ni mali yake kwa kuwa yeye ndiye aliyemwokota. Muungwana si mali, na kuuzwa kwake ni batili. Tena Kurani imefanya kuacha huru watumwa kuwa kafara ya madhambi, na ikawatia katika mafungu manane ya Zaka. Milango ya kutoka utumwani ilifunguliwa mingi. Mlango wa kumwiba muungwana haukufunguliwa hata siku moja.

Nasi watu wa pwani haifai tujifanye wageni wa habari hii. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 katika enzi ya Sayyid Barghash. Hadhi ya utumwa ikaondolewa na sheria ya Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Walikuwako wakati huo waliosema kuwa sheria hizo ni za Mzungu tu, na kwa hoja hiyo wakaendelea kuwaficha watu na kuwavusha usiku kwa majahazi. Sheria ilitoka mkononi mwa Mzungu, ni kweli, lakini dhulma iliyozuiwa ilikuwa ni dhulma yetu. Leo sheria ya mwaka 2010 imetungwa na Bunge letu wenyewe, na hoja ile ya kale haina pa kushika.

Sasa tuje Kakamega. Mji huo ni mbali na bahari, lakini si mbali nasi. Mumias, iliyo katika kaunti hiyo, ilikuwa kituo cha misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika zama za Nabongo Mumia, na kwa njia hiyo Uislamu ukaingia huko. Misafara ile ilichukua pembe za ndovu, na mahali pengine ikachukua na watu. Njia haijafa. Leo mabasi hutoka Kakamega usiku yakielekea Nairobi na Mombasa, na ndani yake mna wasichana wanaokwenda kutafuta kazi za nyumbani. Wengi wao husafiri kwa halali, wakapata kazi wakawasaidia wazee wao, nalo ni jambo la kushukuriwa. Lakini wamo pia waliochukuliwa na mtu aliyekuja kijijini na maneno matamu.

Naye hasa huwa si mgeni. Ni shangazi, ni jirani, ni mtu aliyesali pamoja nasi. Huwaambia wazee kuwa binti atasomeshwa mjini, au atakwenda Arabuni kufanya kazi dukani, na gharama zote zitalipwa kwanza kisha zikatwe kidogo kidogo. Binti akifika, deni limekuwa kubwa, duka limegeuka kuwa jiko, na pasipoti yake imo kabatini kwa mwenye nyumba. Akitaka kurudi huambiwa: "Lipa kwanza." Hapo deni limekuwa mnyororo.

Mwaka 2021 Bunge liliarifiwa na Wizara ya Mambo ya Nje kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walikufa Saudi Arabia katika miaka miwili ya 2020 na 2021. Wengi katika hao waliandikiwa kuwa moyo ulisimama. Ndugu zangu, kila moyo wa maiti umesimama. Lililotakiwa kuelezwa ni nini kilichousimamisha.

Na wengine hujitetea kwa neno kafala, kwa kuwa ni neno la fiqhi, wakadhani lenyewe lahalalisha. Kafala katika sharia ni mtu kujitwika mzigo wa mwenzake: kafili ndiye anayefungika, ili yule mwingine apate nafasi. Kulitumia neno hilo kumfungia mtu mlango, asihame kazi wala asirudi kwao bila ya idhini ya bwana wake, ni kuligeuza juu chini. Jina la Kiarabu haliisafishi dhulma.

Mtu mwingine atasema: "Binti mwenyewe aliridhia, akatia na sahihi." Sheria ya mwaka 2010 imekwisha kulijibu neno hilo: panapokuwa hadaa, vitisho au nguvu, ridhaa ya aliyelanguliwa si hoja ya kumwokoa mlanguzi; na akiwa mtoto, ridhaa haitazamwi kabisa. Nasi twaongeza kwamba hata katika fiqhi muungwana hawezi kujiuza mwenyewe, kwani uungwana wake si bidhaa yake; ni amana aliyopewa na Mola wake. Ikiwa mwenyewe hawezi kuuuza, dalali ataununua kwa nani?

Kabla hatujaendelea kuwalaumu walio ng'ambo, kila mtu na atazame jikoni kwake. Ni nyumba ngapi za miji yetu zenye msichana wa kutoka bara aamkaye kabla ya adhana ya alfajiri, akalala wa mwisho, hana siku ya mapumziko, na mshahara wake "umewekwa" miezi na miezi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mtumishi wa miezi mitatu au zaidi awe na mkataba wa maandishi, apumzike angalau siku moja katika kila siku saba, na apate likizo isiyopungua siku 21 kwa mwaka. Na mtoto aliye chini ya miaka 13 haajiriwi kabisa. Nasi twajua Mtume (s.a.w.) amehimiza mfanyakazi alipwe jasho lake lingali halijakauka. Mtu anayemlilia binti wa Kakamega aliyedhulumiwa Riyadh, na hali yuko mwingine kwake hajalipwa tangu Mfungo Mosi, huyo ni yule wa tatu katika Hadithi.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Binti akirudi amevunjika, na dalali akajulikana, hutokea nini? Mara nyingi wazee hukutana. Dalali huleta fedha kidogo, huomba radhi, husomwa Fatiha, na watu huambiana: "Yamekwisha, tusianike aibu." Polisi wakija, hakuna aliyeona wala aliyesikia. Kesi hufa, na mwezi ufuatao dalali yuko kijiji cha pili.

Sulhu ni jambo jema, wala hatuipingi. Lakini Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, ameijaalia kufaa baina ya Waislamu isipokuwa sulhu yenye kuhalalisha haramu au kuharamisha halali. Fedha ile ya dalali ni nini? Ikiwa ni ujira wa binti, basi ni wa binti, si wa wazee kugawana, tena apewe wote. Ikiwa ni bei ya kunyamaza, basi ni sehemu ya thamani ya muungwana aliyeuzwa, na aliyeipokea ameila pamoja na muuzaji. Na binti wa pili, atakayechukuliwa kesho kwa sababu ya kimya chetu cha leo, yeye hakuwapo katika sulhu hiyo. Ni nani aliyetupa ruhusa ya kusamehe kwa niaba yake?

Kurani katika Suratul Bakara imesema juu ya mwenye kuficha ushahidi kwamba moyo wake umeingia dhambini. Na asiseme mtu, "Ni jamaa yangu, siwezi kumtoa." Mtume (s.a.w.) alipoamrisha ndugu asaidiwe, awe dhalimu au mwenye kudhulumiwa, aliulizwa dhalimu husaidiwaje, akaeleza kuwa ni kwa kumzuia asidhulumu. Kumpeleka jamaa yako mbele ya hakimu kabla hajafika mbele ya Mola wake ni kumsaidia.

Na aibu ni ya nani? Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu amekataza wanawake kulazimishwa uchafu kwa kutafuta pato la dunia, kisha akawaahidi msamaha wale waliolazimishwa. Sheria nayo imefuata njia hiyo: aliyelanguliwa hashitakiwi kwa kosa alilolitenda kwa sababu ya kulanguliwa kwake, na umewekwa mfuko wa taifa wa kuwasaidia watu hao. Ikiwa Mungu amemsamehe, na serikali imemwachilia, sisi ni nani hata tumnong'one msikitini?

Basi twawausia haya. Mtu akija na habari ya kazi ya ng'ambo, atajwe ofisi yake, nayo itazamwe kama imo katika daftari la Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Mkataba usomwe kwa lugha anayoifahamu binti, na nakala ya mkataba na ya pasipoti ibaki kwa wazee wake. Mwenye kujua habari ya mtoto aliyechukuliwa apige simu nambari 116, wala haigharimu kitu; na mengineyo yapelekwe polisi, na shahidi asimame hadi mwisho wa kesi. Wenye kutoa Zaka wakumbuke kuwa mwenye deni ni mmoja katika mafungu manane, na binti aliyerudi na deni la dalali shingoni ana haki ya kutazamwa. Na maimamu, wa pwani na wa Mumias, wasiyaache haya yasemwe na wanasheria peke yao.

Sheria imeandikwa. Iliyobaki ni mtu wa kusimama akasema, "Mimi niliona." Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasemao kweli ijapokuwa juu ya jamaa zetu, awarudishe salama walio mbali, na atukinge na kula thamani ya mtu huru, kwa kujua au kwa kunyamaza. Amin.

Wabillahi tawfiq.