Kipimo cha Ubongo na Kipimo cha Utu

Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, pamoja na wenzao wa London, walitoa habari za kofia inayopima kazi za ubongo pasipo kumchoma mtu wala kumpasua. Ubongo ukifanya kazi, umeme mdogo hupita ndani yake, nao huzaa nguvu ya sumaku iliyo dhaifu mamilioni ya mara kuliko ile ya dunia igeuzayo dira. Ndani ya kofia mna vyombo vidogo vyenye mvuke wa rubidiamu. Mwanga wa leza hupenya mvuke huo. Atomu zikiguswa na sumaku ya ubongo, mwanga hubadilika, na badiliko hilo ndilo lipimwalo. Mashine za zamani zilimtaka mgonjwa atulie tuli. Kofia hii humwacha mtoto ageuze kichwa, ingawa bado yahitaji chumba kilichokingwa na sumaku ya nje.

Wanaotazamiwa kufaidika ni wenye kifafa, maana chombo hiki chaweza kusaidia kuonyesha mahali ugonjwa unapoanzia ubongoni. Twafurahi. Lakini yatupasa tujiulize: je, thamani ya mgonjwa hungoja kipimo?

Tumfikirie mtoto mwenye kifafa huko Mbuchi, katika delta ya Rufiji, ambako mtumbwi ni njia na mikoko ni jirani. Akishikwa majini, au kando ya mafiga, nani atamwokoa? Mto ule hupokea maji ya bonde la Kilombero, chini ya milima ya Mahenge. Huko Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya wenye kifafa. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka, wakidhani kwamba mate yake huambukiza. Akawatibu kwa vidonge vya bei ndogo, na wengi wakapata nafuu.

Atasema mtu: walioogopa hawakujua. Ni kweli, na kutojua hupunguza lawama. Lakini leo twajua kwamba kifafa ni ugonjwa wa ubongo, wala hakiambukizi. Shirika la Afya Duniani lasema watu kama milioni 50 wanacho, na hadi 70 kwa kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Basi, anayemficha mtoto wake leo atajitetea kwa lipi?

Mashine hueleza ubongo unafanya nini. Haielezi mtu ni nani, wala haiongezi utu wake hata chembe. Wajibu wa kumtoa mwenzetu motoni ulikuwapo kabla ya atomu kujulikana.

Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Wazazi, msiwafungie watoto hawa ndani. Wapelekeni hospitali, wala msiwakatishe dawa pasipo shauri la daktari. Walimu, wapeni nafasi darasani. Nawe jirani, ukimwona ameanguka, mwondoe penye hatari, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani, kaa naye hadi azinduke. Kofia ya atomu ikifika kwetu, tutaipokea kwa shukrani. Mikono yetu tunayo tangu sasa.