Chagua Wewe Kwanza

Somo: Mwanzo 13:1-18



Juma lililopita tumemzika mzee wetu. Familia imeturuhusu tuandike habari zake bila kutaja jina, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Waliokuwepo makaburini wanamjua.

Sisi tulimfahamu kabla hatujaitwa katika utumishi. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilipoharibu reli ya kati, vijana kadhaa wakimbizi tulipata kibarua cha kutengeneza njia upande wa Uvinza na Malagarasi. Tulibeba mataruma ya chuma, tukamwaga kokoto, tukakaza bolti juani. Mzee alikuwa ametutangulia miaka mingi katika kazi ile.

Aliyebeba taruma kwenye tuta la reli anajua jambo moja: anayeshika upande wa chini wa mtelemko ndiye anayelemewa. Mzee alishika upande huo kila siku. Asubuhi, mabeleshi yakitolewa, sisi vijana tuligombania yenye mipini mizuri. Yeye alisimama pembeni akisema, "Chagua wewe kwanza." Kijana mmoja aliposhikwa na malaria, Mzee alimlaza kivulini akafanya kazi ya watu wawili, ili mwenzake asikatwe posho ya siku ile. Hakutuhubiria hata siku moja, lakini wawili kati yetu tuliokoka kwa kumtazama yeye.

Wapendwa, wema ule mdogo wa kwenye reli ulikuwa unamwandaa kwa jambo kubwa zaidi.

Mzee alikuwa mtoto wa Rumonge. Alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mwaka 1972, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, baada ya machafuko yaliyoanza tarehe 29 Aprili kule Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji makubwa yaliyofuata nchi nzima. Aliacha nyuma ndugu waliouawa na shamba la michikichi la baba yake.

Kati ya mwaka 2008 na 2009, zaidi ya wakimbizi elfu hamsini wa mwaka 1972 walirudi Burundi kutoka Tanzania. Mzee alikuwa mmoja wao. Alipofika Rumonge alikuta shambani mtu mwingine, mke wake na watoto saba. Mtu yule hakuvunja mlango wa mtu. Alipewa ardhi ile na wakubwa wa wakati huo, akapanda michikichi yake, akazika wazazi wake pale pale. Na Mzee naye alikuwa na haki: baba yake ndiye aliyeifyeka pori. Wangapi kati yenu mnaijua habari hii kwa sababu ni habari yenu?

Tume ya taifa ya ardhi, iliyoundwa mwaka 2006, wakati huo ilihimiza watu wagawane. Siku ya kupima, Mzee alimwambia yule mtu neno lile lile la kwenye reli: "Chagua wewe kwanza." Akachagua upande ulio karibu na kijito. Mzee akachukua uliobaki, wenye mawe.

Baadaye, kuanzia mwaka 2011, tume ile ilibadili msimamo, ikaelekea kumrudishia mkimbizi mali yake yote. Jamaa zake wakamwambia, "Sasa nenda kadai, utapata shamba zima." Akajibu, "Nilishampa mkono." Wengine walimwita mjinga, na ndugu mmoja akaacha kumsalimia.

Mwaka 2015 tulikimbia tena. Wengi wetu tulilala Kagunga ufukweni, kipindupindu kikituua, mpaka meli ya Liemba ilipotuchukua kwa makundi kwenda Kigoma. Mzee alituambia pale melini kwamba Liemba ilitoka Ujerumani vipande vipande ndani ya masanduku, ikaletwa Kigoma kwa reli ile ile tuliyoitengeneza. Akacheka, akasema Mungu haachi kazi ya mtu ipotee.

Yule jirani alibaki Rumonge. Tangu siku hiyo alivuna michikichi ya pande zote mbili, akakamua mawese, na kila mara alipopata msafiri mwaminifu alituma fungu la Mzee. Habari za msiba zilipomfikia, alipiga simu, akalia mpaka tukashindwa kumwelewa.

Tunaandika haya kwa sababu siku ya tatu ya matanga jamaa walikaa kikao. Wamewaambia watoto wa marehemu kwamba baba yao alikuwa mpole kupita kiasi, na kwamba siku ya kurudi wadai shamba lote. Vijana wamekuja kutuuliza mchungaji anasemaje. Tulisali nao kwanza. Jibu letu ni hili, na linawahusu wengi.

Tazameni Abrahamu. Wachungaji wake na wa Lutu waligombana kwa sababu nchi haikuwatosha. Abrahamu alikuwa mkubwa, na ahadi ilikuwa yake. Angeweza kusema, "Nchi hii nimepewa mimi." Badala yake alimwachia mtoto wa ndugu yake achague. Lutu akachukua bonde lenye maji.

Kwanza, Abrahamu hakumpa Lutu kwa sababu hana haki. Alimpa kwa sababu haki yake ilikuwa mikononi mwa Mungu. Ni baada ya Lutu kuondoka ndipo Mungu alipomwambia ainue macho atazame pande zote.

Pili, amani ile ilizaa matunda. Sura inayofuata, Lutu anatekwa, na Abrahamu anamfuata kumwokoa. Kama wangeachana kwa matusi, nani angemfuata? Na jirani yule angevuna michikichi ya nani?

Tatu, baba huyu wa imani, katika kukaa kwake kote Kanaani, hatusomi kwamba alinunua shamba jingine ila lile la Makpela lenye pango la kuzikia, kwa shekeli mia nne za fedha. Mzee wetu naye amepata kaburi katika nchi ya ugeni. Wala hakufa maskini.

Msituelewe vibaya. Hatusemi mjane anyang'anywe na anyamaze, wala kwamba mwenye nguvu aitumie Biblia kumfunga mdomo mnyonge. Anayedhulumiwa aende mbele ya wazee na mbele ya sheria. Lakini kile mzazi alichokitoa kwa mkono wake mwenyewe, mtoto asikirudishe kwa ugomvi. Kukivunja ni kumzika baba mara ya pili.

Tena tukiri mbele yenu. Sisi tunaoandika tuna shamba letu upande wa Minago, na ndani yake anakaa mtu mwingine. Kwa miaka mingi tumeombea watu wote wa Rumonge isipokuwa huyo mmoja. Usiku wa mkesha, tukiwa tumekaa karibu na jeneza, tulilitaja jina lake mbele za Bwana kwa mara ya kwanza. Lilitoka kwa shida, lakini lilitoka.

Basi kila familia ikae jioni moja na kujiuliza: siku ya kurudi ikifika, tutamwambia nini yule tutakayemkuta pale?

Tuombe: Ee Bwana, wafariji wajane na yatima wa nyumba hii. Mkumbuke jirani yule aliyebaki kando ya ziwa. Tufundishe kushika upande wa chini wa mtelemko. Amina.

Ni sisi katika kazi ya Bwana,
Mchungaji wenu