Rudi Jikoni Kwanza

Ndugu yangu, weka Biblia mezani kidogo. Kabla hujatoka kwenda ibadani, rudi jikoni.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi, Uganda, alikuwa akisimulia kisa chake mwenyewe. Alikorofishana na mkewe, kisha akashika njia kwenda kuhubiri. Moyoni akasikia Bwana akimwambia aende tu akahubiri. Yeye Bwana atabaki jikoni na mkewe. Mhubiri akaona mimbari aliyokuwa akiikimbilia haina Bwana. Akageuka, akarudi nyumbani kuomba msamaha.

Kivengere alilelewa na Uamsho wa Afrika Mashariki, na Uamsho wenyewe uliota penye wanaume walionyenyekea. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa Gahini, Rwanda, alifika Kampala akiwa hoi baada ya njaa iliyoikumba nchi hiyo. Kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wakaketi pamoja na Biblia. Ukoloni ulikuwa umeshika kila kitu, lakini daktari Mzungu alikaa kama ndugu mwenye kiu ileile. Miaka ya 1930 moto ulishika Gahini, ukavuka hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Wanaume walirudisha walivyoiba. Wamisionari waliwaomba Waafrika msamaha kwa kuwadharau. Watu wazima, wenye vyeo na ndevu, walisimama mbele ya watu wakasema: nimekosa.

Sisi je? Tunafunga, tunakesha, tunatoa zaka, ila neno hilo moja linatukwama kooni.

Nalijua koo hilo. Niliwahi kutumia ada ya mtoto bila kumwambia mama yake. Alipouliza, nilifoka, maana anayefoka haulizwi tena. Siku nne nyumba ilikuwa baridi. Ananiwekea chai, naitikia kwa kuguna. Jumapili nikaongoza maombi kanisani, watu wakaitikia amina, na kila amina ilinichoma. Jioni nikamkuta anachambua mchele. Nikavuta kigoda, nikaketi kando yake. "Mama Baraka, nilikosa. Hela nilitumia mimi, na kukufokea nikakufokea. Nisamehe." Mkono wake ukasimama juu ya ungo. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akanisogezea ungo ule, tukachambua pamoja.

Nilidhani nitapungua. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala kwa siku nne!

Mwanaume, Bwana wako alivua vazi, akajifunga taulo, akaosha miguu ya Petro. Akaosha na ya Yuda, akijua Yuda anakokwenda. Wewe unalinda heshima gani usiyoweza kuinama nayo? Usingoje mkeo aanze, wala usiseme "kama nimekukosea". Ulimkosea, taja kosa kwa jina lake. Na kama watoto walisikia ukifoka, wasikie na ukitubu.

Taa ya jikoni bado inawaka. Yupo. Simama, nenda.