Mtoto wa Nyoka na Furu wa Ziwa Viktoria

Methali "Mtoto wa nyoka ni nyoka" imegeuzwa rungu. Huko Kisii na Nyamira, nchini Kenya, ambako tuhuma za uchawi zimeua watu, wakiwemo wanawake wanne wa Marani mnamo Oktoba 2021, tuhuma hazikomei kwa mzee: mjukuu wa anayeitwa omorogi, yaani mchawi, huogopwa kabla hajatenda lolote, na methali ndiyo inayotolewa kama ushahidi. Nakataa matumizi hayo. Methali hutaja chimbuko la mtoto, na chimbuko halijawahi kufunga njia ya uzao.

Ushahidi uko jirani: Gucha na Sondu, mito inayopokea maji ya vilima vya Kisii na Nyamira, humwaga maji Ziwa Viktoria, makao ya samaki waitwao furu, waliowahi kukadiriwa kuwa spishi 500 hivi. Wanajiolojia wanasema ziwa hilo lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo sehemu kubwa ya utofauti huo ni ya majuzi. Furu hao wametokana na mababu wa pamoja, lakini huyu ana meno ya kuponda konokono, yule hukwangua mwani maweni, mwingine humeza watoto wa wenzake. Katika miamba ya upande wa Mwanza, madume wa Pundamilia pundamilia ni wa buluu na hukaa karibu na uso wa maji. Wale wa Pundamilia nyererei, spishi iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, ni wekundu na hukaa chini zaidi, ambako mwanga unaosalia huelekea wekundu. Hata macho yao yametofautiana kufuata mwanga huo. Kila mzazi alizaa aliyefanana naye, ila si sawasawa, na waliolingana na mahali pao wakaacha watoto wengi zaidi.

Mtu atasema furu hazai kambare. Kweli, wala hakuna samaki anayebadilika kwa kutaka. Kazi hiyo ni ya vizazi vingi. Lakini nyoka wenyewe ni zaidi ya spishi 3,000, na wengi wao hawana sumu ya kumdhuru mtu. Mwingine atasema methali ni tahadhari tu. Namkubalia, maana tahadhari humtaka mtu atazame vizuri anachokiogopa, na anayehukumu ukoo mzima ameshaacha kutazama. Tena binadamu hangoji vizazi: hufundishwa, huonywa, hutubu, akabadilika angali hai. Kijana mwenye kosa na atajwe kwa kosa lake, mbele ya mashahidi. Asiye nalo aachwe alime shamba la nyanya yake, kwa sababu mara nyingi nyuma ya tuhuma hizi kuna mtu anayelitamani shamba hilo.