Ujira wa Mwuguzaji

Ndugu yangu msomaji, yuko mtu amwoshaye baba yako madonda na kumgeuza kitandani usiku, nawe ukiulizwa ujira wake wajibu: “Malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu.” Neno hili ni kweli, lakini si jawabu. Thawabu ni ya Mungu kutoa. Ujira ni deni lako wewe. Amlipaye mwajiriwa kwa thawabu hulipa deni lake kwa mali isiyo yake.

Wanawake waliouguza majeruhi vitani pamoja na Mtume (s.a.w.) walitoka kwa ajili ya Mungu, na juu ya hayo wakapewa katika ngawira.

Katika Kenya, wahudumu wa afya wapitao nyumba kwa nyumba walitumika miaka mingi kwa jina la kujitolea. Mwaka 2023 wahudumu 100,000 waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Zigawanye kwa siku 30: hazifiki shilingi 170.

Lakini tusiilaumu serikali peke yake. Mtume ameamrisha mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi patana naye ujira kabla ya kazi, na mwezi ukiandama mpe haki yake mkononi.

Wabillahi taufiki.