Kuzuru Bagamoyo na Kurudi Nyumbani



Kila mwaka maparokia mengi ya Dar es Salaam hupanga safari ya siku moja kwenda Bagamoyo. Basi huondoka alfajiri, watu wakiwa na rozari mkononi na chakula kapuni, nao huenda mwendo wa kilometa 70 hivi kuelekea kaskazini. Usiku uingiapo wote wamekwisha rudi makwao. Desturi hii ni njema, nasi twaisifu. Lakini yatupasa kujiuliza: mtu aliyekwenda Bagamoyo hurudi na nini?

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 23, Bwana wetu aliwakaripia waandishi na Mafarisayo kwa jambo ambalo machoni pa watu lilikuwa jema. Waliyajenga na kuyapamba makaburi ya manabii, wakajiona bora kuliko baba zao waliowaua manabii hao. Kosa lao halikuwa kuyatunza makaburi. Kosa lao lilikuwa kuilaumu dhambi ya zamani huku mioyoni mwao wakiilea dhambi ile ile. Neno hili na tuingie nalo ndani ya basi.

Wengi huanzia Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya mji. Hapo pana magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Msikiti mmojawapo huhesabiwa kuwa wa karne ya 13. Maana yake watu walikuwa wakisali pale miaka 600 hivi kabla Mapadre hawajaweka misheni Bagamoyo. Mkristo na apite hapo kwa adabu. Asikanyage kaburi ili apigwe picha, wala asipige kelele mahali walipolala waliomcha Mungu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965, ulitufundisha kuwaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Na heshima hiyo haiwahusu walio hai peke yao.

Kutoka Kaole wageni huja misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekwisha fika Unguja mwaka 1863, walianza kazi Bagamoyo mwaka 1868, mkuu wao akiwa Padre Antoine Horner. Waliwanunua watumwa, wengi wao watoto, wakawakomboa na kuwafundisha dini, kusoma, kilimo na ufundi. Waliokua wakaoana, wakakaa katika kijiji kilichoitwa Kijiji cha Uhuru. Atakaye kujua gharama ya kazi ile na aende makaburini, ahesabu miaka ya Mapadre, Mabruda na Masista waliozikwa hapo. Wengi walikufa wangali vijana.

Walakini tusiseme nusu ya habari. Watoto wale walitolewa katika utumwa, lakini maisha yao yaliendeshwa kwa kengele na amri kali; kazi ya shamba ilikuwa nyingi, na wengine walitoroka. Hata watu wema waweza kumfungua mtu minyororo wasimwulize yeye mwenyewe ataka nini. Kanisa halipungukiwi na kitu kwa kukiri hayo. Atakayepungukiwa ni yule apendaye sifa kuliko kweli.

Katika uwanja wa misheni pana mbuyu mkubwa, na katika gome lake kipande cha mnyororo uliomezwa na mti. Wageni wengi wakiuona husema mara moja, "Huo ni mnyororo wa watumwa!" Mapokeo ya misheni yasimulia mengine: kwamba uliwekwa na Madame Chevalier, mama aliyewahudumia wagonjwa, ili amfunge punda wake. Basi na tujifunze hapo. Utumwa hauonekani sikuzote pale tunapotazamia kuuona, wala si lazima uwe na mnyororo.

Karibu na hapo ungali umesimama mnara wa kanisa la kwanza. Mwezi wa Februari 1874 mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwezi wa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia, uliwekwa katika kanisa hilo. Walioubeba ni watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi. Walikwenda kwa miguu miezi mingi, na wenzao wengine walikufa njiani. Ulipopelekwa Uingereza, ni mwenzao mmoja tu, Jacob Wainwright, aliyekwenda pamoja nao na kuwapo mazikoni London. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye, bwana wao alipokuwa amekwisha zikwa. Ndivyo yalivyo mambo ya dunia: abebaye mzigo husahauliwa siku ya heshima.

Alasiri wageni hushuka mjini na ufukoni, ilikokoma njia ya misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora, mwendo wa kilometa 1,200 hivi. Wapagazi walipita hapa na pembe za ndovu mabegani, na watumwa walipita pamoja nao. Wengine wasema jina la mji latokana na mpagazi aliyeutua moyo wake kwa kuwa mwendo umekwisha. Wengine wasema ni mtumwa aliyeuacha moyo wake pwani kwa kuwa hatarudi tena kwao. Hapo watu hunyamaza, na wengine hulia. Kisha basi huondoka.

Sasa, wapenzi, na tuingie nyumbani. Ni nani anayetufungulia mlango usiku huo? Katika nyumba nyingi ni msichana aliyeletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya shule. Ameamka kabla yetu, na ndiye aliyetupikia chakula kile cha kapuni. Hulala sakafuni jikoni. Mshahara wake "anatunziwa", na mwaka umepita hajauona. Mama yake haruhusiwi kuongea naye kwa simu ila bwana au bibi akisikiliza. Je, twamwita nani huyu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumtumikisha mtoto kwa unyonyaji, wala hairuhusu aajiriwe aliye chini ya miaka 14; na aliyetimiza umri ana haki ya ujira na mapumziko kama mfanyakazi mwingine yeyote. Lakini hata kama sheria isingalikuwapo, je, tuliyoyalilia ufukoni hayatutoshi?

Hatusemi kwamba kila nyumba ni hivyo. Ziko nyingi ambamo mtumishi ni mtoto wa nyumba, nasi twamshukuru Mungu. Lakini kila mmoja na ajichunguze kabla ya kulala. Amlipe anachomdai. Ampe siku ya kupumzika na ya kwenda kusali kwa dini yake. Amwache aongee na wazazi wake peke yake. Kama aliahidi shule, atimize ahadi.

Na safari ijayo ya Bagamoyo ipangwapo, tumwulize naye kama apenda kwenda. Akikubali, alipiwe nauli, aketi kitini pamoja nasi, na mzigo wa chakula tuubebe sisi.