Mzambarau na Ahadi ya Tiba

Ukizungumza na wenye kisukari Bagamoyo, hutakaa sana kabla hujasikia habari za mzambarau. Kokwa zake hukaushwa zikasagwa, magome huchemshwa. Wengine watakutajia mlonge, wengine muarobaini. Wote huegemea neno moja: Mungu hakuleta maradhi asiyoyaletea dawa.

Neno hilo lina asili nzito. Katika hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Abu Dawud, mabedui walimuuliza Mtume Muhammad kama wajitibu. Akawajibu wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila kuuwekea dawa, isipokuwa uzee. Wakatoliki, ambao misheni yao ipo Bagamoyo tangu 1868, wanasoma katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kwamba Bwana ameumba dawa kutoka ardhini. Na sura hiyohiyo humwagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake.

Je, anayetaka mzambarau upimwe amepungukiwa na imani?

Hapana. Ahadi ni kwamba dawa ipo. Haikutaja mti gani, kwa kiasi gani, kwa mgonjwa yupi. Kumwamini Mungu ni jambo moja. Kumwamini muuzaji wa unga wa kokwa ni jambo jingine kabisa, hata akiuza kwa bismillahi.

Tanzania iliyaona haya mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, maelfu ya watu walipopanga foleni kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Alisema Mungu ndiye aliyemwonyesha mti wa mugariga, na kwamba kikombe kinaponya kisukari, ukimwi na mengineyo. Wapo waliorudi makwao wakaacha dawa za hospitali. Si watu wa kuchekwa; maradhi yasiyoisha yanachosha. Lakini mwenye kisukari aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano anaweza kufa kwa siku chache.

Wanaodharau miti shamba nao wakumbuke metformin, kidonge cha wagonjwa wengi wa kisukari aina ya pili. Chimbuko lake ni mmea wa Ulaya, Galega officinalis, uliotumiwa na waganga wa kale. Mmea wenyewe una sumu inayoua kondoo. Ilibidi wanakemia watafute kemikali ya jamii moja na ile ya mmea huo, lakini isiyodhuru, hadi mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris alipochapisha matokeo ya kuwatibu watu kwa metformin.

Mzambarau ulitoka Asia ya Kusini, ambako ni dawa ya kisukari ya tangu zamani, na katika baadhi ya majaribio umeshusha sukari ya panya. Huko Porto Alegre, Brazil, watafiti walichapisha mwaka 2006 jaribio la chai ya majani yake kwa wagonjwa: haikushusha sukari. Hayo ni majani. Kokwa zinahitaji jaribio lake.

Bagamoyo inaweza kulifanya. Kituo cha Taasisi ya Afya Ifakara kilichopo hapo kilishiriki kuijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kabla Shirika la Afya Duniani halijaipendekeza mwaka 2021, na Chuo Kikuu cha Muhimbili kina taasisi ya tiba asili. Waganga, masheikh na mapadri wanapaswa kulidai jaribio hilo. Na wewe unayekunywa mzambarau leo, usiache sindano wala vidonge, na mwambie daktari wako unachokunywa.